Doa la Shavu la Kushoto

Asubuhi ya siku ambayo watu wengine walikuja kumvunja kaka yake vidole, Nukta alikuwa ameshampiga yeye mwenyewe kwa kigoda. Hakumpiga sana. Alimpiga kiasi cha ndugu wa tumbo moja: begani, mara moja, kwa moyo mkunjufu, kisha akakirudisha kigoda mahali pake na kuendelea kupanga vikombe vya wino.

Chanzo kilikuwa kile kile cha kila siku, yaani sanaa.

Kaka mtu aliitwa Sura, kwa kuwa alichora tatuu za sura za watu na hakutaka kuchora kitu kingine. Ukimletea picha ya bibi yako, alimhamishia mkononi mwako pamoja na kila kunyanzi lake, mpaka ukaona haya kukoga mbele yake. Hakutumia mistari. Yote ilikuwa kivuli juu ya kivuli, wino uliotiwa maji kama maziwa ya mchuuzi mwizi. Dada mtu aliitwa Nukta kwa sababu alichora kwa nukta tupu. Maduara, nyota, magamba, maua yenye pembe, vyote alivijenga tone kwa tone, kazi ya subira ambayo kaka yake aliita upele.

"Mtu anakuja na ngozi nzima, anaondoka na tetekuwanga," Sura alikuwa akiwaambia wateja wa mdogo wake, nao wamelala pale pale chini ya sindano.

Nukta naye alisema kazi ya kaka yake ni ya kamera, na kwamba kamera angalau hainuki kwapa.

Ukutani, katikati ya viti viwili vya wateja, zilibaki karatasi za marehemu baba yao aliyefungua duka: nanga, majambia, mioyo iliyochomwa mishale, mistari minene kama kamba ya kufungia ng'ombe, rangi mbili basi. Mzee aliamini kwamba mchoro usiotambulika kutoka ng'ambo ya barabara ni uchafu wa ngozi. Kwa hiyo katika chumba kile chenye sinki moja na feni moja kulikuwa na madhehebu matatu, na moja lilikwisha kufa likiwa na uhakika kamili kwamba ndilo la kweli.

Asubuhi hiyo Sura alikuwa amesema kwamba nukta ni mstari wa mtu mwoga. Kigoda kikafuata.

Mteja aliyeleta msiba aliitwa Bawabu. Alianza maisha kama mlinzi wa mlango wa ukumbi wa dansi, na kwa juhudi, nidhamu na kung'oa watu meno akapanda ngazi mpaka akawa na neno la mwisho kwenye kila mlango wa mtaa ule. Hakubeba kisu wala bastola. Aliona ni uvivu. Silaha yake ilikuwa mlango wowote uliokuwa karibu. Ukimkosea, watu wake walikushika mkono, wakauweka penye bawaba, na yeye mwenyewe, taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto, akafunga.

Mtu huyu alimpenda mama yake kupita kiasi. Mama alikuwa amefariki, na wiki moja kabla ya siku ya kigoda Bawabu aliingia dukani macho mekundu, akatoa simu, akamwonyesha Sura picha.

"Namtaka kifuani. Juu ya moyo. Na uangalie hili doa." Kidole chake kinene kiligusa doa jeusi kwenye shavu la kushoto la yule mama. "Hili ndilo mama. Bila hili si mama."

"Nitaliweka, Bosi."

"Hujanielewa." Bawabu akaketi, kiti kikalia. "Mama alikuwa na pacha. Mama mdogo. Pua ile ile, kicheko kile kile, mpaka kukohoa. Hata doa analo, ila lake liko kulia. Yule mwanamke alinilea kwa fimbo, waya na mwiko. Natoka kucheza, nakuta mtu amesimama mlangoni amenyoosha mikono. Nifanye nini? Naangalia doa. Likiwa kushoto, nakimbilia kifuani. Likiwa kulia, nageuka nakimbia mpaka pumzi inakwisha."

"Na hukuwahi kukosea?" Nukta akauliza kutoka kwenye kiti chake.

"Mara moja." Bawabu akainamisha kichwa awaonyeshe kisogo. Kovu lilikuwa pana kiasi cha kulaza kijiko.

Sasa lijulikane kosa lilivyotendeka, maana ni kosa ambalo mwokaji mikate hawezi kulifanya hata akijitahidi. Kabla ya sindano kugusa ngozi, picha hutolewa kwenye karatasi ya chapa, karatasi ikabandikwa mwilini, ikiachia michirizi ya zambarau ya kufuata. Mashine yao ya zamani ilichapa wino upande ule ule unaolala kwenye ngozi. Kwa hiyo picha ilipaswa kwanza kugeuzwa kwenye kompyuta, kushoto iende kulia, ili ikibandikwa irudi sawa. Mashine mpya, iliyofika siku chache tu kabla ya hapo, huweka wino nyuma ya karatasi. Haihitaji picha igeuzwe. Nukta alilijua hilo. Lakini mkono una akili zake, na mkono wake ulikuwa umegeuza picha miaka na miaka. Tangu mashine mpya ifike walikuwa wamechora maua, nyota na duara, vitu visivyo na kushoto wala kulia, hivyo hakuna aliyegutuka. Akageuza. Akatoa karatasi. Na picha ya kuigiza, ile ambayo Sura aliibandika mbele ya macho yake, akaichapa kutoka kwenye picha hiyo hiyo iliyogeuzwa.

Sura alichora kama hajawahi kuchora. Kope, vinyweleo vya mdomoni, ule unyevu mdogo kwenye pembe ya jicho la mtu anayetaka kucheka. Alipomaliza, Bawabu akasimama mbele ya kioo, akainua simu yake mbele ya macho, akalinganisha na kifua cha kwenye kioo. Kioo hugeuza mambo. Kilichogeuzwa kikageuzwa tena, na ndani ya kioo doa likakaa mahali pake halali. Bawabu akalia machozi mazito. Akamkumbatia Sura mpaka mifupa ikalia, akavaa shati, akaondoka na mama mdogo wake kifuani.

Siku ile ya kigoda, mlango ulifunguliwa kwa teke, ingawa ulikuwa wazi. Nukta alikuwa akichovya sindano kwenye wino, Sura akisugua bega lake la kigoda. Bawabu aliingia na watu wake wawili, mmoja mwenye shingo ndefu na mwingine ambaye Mungu alisahau kumpa kabisa. Shati la Bawabu halikuwa na vifungo tena.

"Nani huyu?" akauliza, akijipiga kifuani.

"Mama, Bosi," Sura akasema.

"Mama yangu nani?"

"Mama... mzazi?"

Kofi lilimpata kabla ya neno kuisha. Sura akagonga sinki, sinki likatoka ukutani kidogo.

"Leo nimekwenda kwa dada yangu mkubwa," Bawabu akasema, akihema. "Ukoo mzima uko mezani. Nikasema, nyamazeni, nina kitu cha kuwaonyesha. Nikafungua shati. Wakanyamaza kweli. Mama mdogo akaweka sahani chini, akaja, akanigusa hapa, akaanza kulia. 'Nilijua,' akasema. 'Miaka yote nilijua unanipenda.' Akanibusu!" Alilitamka neno hilo kama watu wengine wanavyosema wamechomwa kisu. "Mbele ya hawa! Amenibusu!"

Shingo na Asiye na Shingo wakaangalia sakafu kwa heshima.

Nukta akatazama kifua. Doa lilikuwa shavu la kulia, dhahiri kama mjusi kwenye ukuta mweupe. Akaangalia mashine mpya, akaangalia mkono wake.

"Nani alifanya hivi?"

Sura alimtazama dada yake kwa muda wa kufumba na kufumbua. Alikuwa ameelewa. "Mimi," akasema.

"Anadanganya. Karatasi niliitoa mimi," Nukta akasema.

"Nyamaza we mtoto!"

"Nyamaza wewe! Mimi ndiye niliyegeuza!"

"Hata kugeuza chapati hujui, utageuza nini?"

Bawabu, ambaye hakuwahi kuona watu wakigombea nafasi penye mlango wake, aliwatazama kwa zamu, mdomo wazi. Kisha akarudi kwenye sheria ya msingi. "Aliyeshika sindano ni nani?"

"Mimi," Sura akasema.

"Basi."

Asiye na Shingo alimshika Sura nywele na mkono wa kulia, akamburuta kuelekea mlango wa chuma wa stoo. Shingo akamkamata Nukta kiunoni. Nukta akamng'ata sikio, akasikia chumvi, akang'ata zaidi. Aliponyoka, akachukua chupa ya spiriti ya kusafishia ngozi akampulizia machoni, karibu kabisa, mpaka kijana wa watu akaita mama. Akaruka juu ya kiti cha wateja, akamfikia Bawabu mgongoni, akamkwangua uso kwa kucha zote alizojaliwa. Bawabu alimtoa mgongoni kama mtu anavyovua mkoba, akampiga ngumi moja ya mdomo. Nukta akaketi chini bila kukusudia. Jino lilikuwa juu ya ulimi wake, likizunguka kama pipi.

Kutoka pale chini aliona kila kitu. Aliona vidole vya kaka yake vimepangwa penye bawaba, vile vidole vyembamba vilivyojua kutengeneza unyevu kwenye jicho la mtu aliyekufa. Aliona Bawabu akishika kitasa. Mlango ukafungwa taratibu.

Sauti haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu anavunja vijiti vya kuwashia moto, pamoja, na kimoja kikachelewa.

Sura hakupiga kelele mara moja. Aliutazama mkono kwanza, kwa makini, kama kazi ya mwenzake isiyomridhisha. Kisha akapiga kelele.

"Sasa," Bawabu akasema, akiweka sawa kola ya shati lisilo na vifungo, "mtoe huyu mwanamke."

Kelele ikakatika. Kutoka sakafuni ikatoka sauti nyingine, na Nukta alihitaji muda kutambua kwamba kaka yake anacheka.

"Kwa mkono upi, Bosi?"

Katika maisha yake marefu ya kufunga milango, Bawabu hakuwahi kuhitaji kitu kutoka kwa kidole alichokwisha kukivunja. Aliutazama ule mkono, akatazama kifua chake, akatazama mkono tena.

"Hodi humu!"

Sauti ilikuwa tamu. Aliyeingia alikuwa mama mfupi, mkoba kwapani, doa shavu la kulia. Aliruka damu kwa ustadi, kama mtu anayeruka dimbwi akienda ibadani.

"Unaondoka mezani bila kuaga wakubwa," akamwambia Bawabu. "Nani alikufundisha?"

"Mama mdogo, niko kazini..."

Mama mdogo akavua kiatu. Mtu aliyetisha mtaa mzima akainua mikono juu ya kichwa. Kiatu kikamshukia kwenye nyusi, sikioni, kwenye kile kisogo chenye kovu, kwa mpigo wa mtu anayetwanga akiimba. Damu ikamtoka juu ya jicho. Shingo na Asiye na Shingo hawakujua wamlinde nani. Hakuna aliyewapa maelekezo ya jambo kama lile.

"Basi mama mdogo, basi, sirudii!"

"Na shukuru nakupenda." Akavaa kiatu. Akabusu uso wake mwenyewe pale kifuani, mwaa, akampangusa mpwa wake damu kwa pindo la shati. "Nitakuwa nakuja kila Jumapili kujiangalia. Binti, weka barafu mdomoni." Akaondoka.

Bawabu alibaki amejikunyata. Sauti ilipomtoka ilikuwa ya mtoto aliyejificha uvunguni. "Leo," akasema. "Atoke leo." Akamgeukia Nukta. "Wewe. Unaweza?"

Nukta akatema jino kwenye kiganja, akalitazama, akalitia mfukoni. "Kwanza kaka yangu hospitali. Huyu asiye na shingo ambebe. Akimtikisa, sichori."

"Ambebe."

"Kama yai."

"Kama yai," Bawabu akamwambia mtu wake.

Walipoondoka, Nukta akaosha mikono, akavaa glavu, akachagua sindano. Kulikuwa na nyembamba na kulikuwa na nene, na hatutamficha msomaji alichagua ipi. "Ngozi haijapona," akasema. "Kuchora juu ya kidonda kunauma. Na hapa ni mfupa."

"Chora."

Akachora. Kwa kawaida mchoraji huvuta ngozi kwa upole, hupumzika, humuuliza mteja kama ana kiu. Nukta aliufanya uungwana wote huo siku nyingine. Mdomo wake ukimvuja damu ndani ya barakoa, alidunga tone baada ya tone kwenye kidonda kibichi, juu ya mbavu, na kila tone aliliita kimyakimya kwa jina la kidole. Bawabu aling'ata mkanda wake mpaka ngozi ya mkanda ikapasuka. Damu na wino vilimtiririka hadi kitovuni. Mara mbili alizirai, na mara mbili Nukta alimwamsha kwa sindano ile ile, kwa kuwa muda ulikuwa mfupi.

Nukta zikajaa, zikasongamana, zikawa kivuli. Shavu la kulia likazama gizani, kana kwamba mtu amehamisha taa upande wa pili wa chumba, na doa likazama pamoja nalo. Ilikuwa kazi nzuri. Hata mwenyewe aliona.

"Sasa la kushoto," Bawabu akanong'ona. "Weka doa la mama."

Nukta alichovya sindano. Ilikuwa nukta moja tu. Angeimaliza kabla mtu hajapiga chafya. Mkono ulikuwa njiani kabisa alipowaza kitakachofuata: Bawabu atavaa shati, atasimama, na ndani ya nyumba hii hatakuwa na haja ya kidole cha mtu yeyote. Wala cha Sura, wala chake.

Akaweka mashine ya sindano mezani.

"Hilo siwezi."

"Nukta moja! Si ndiyo jina lako?"

"Moja ndiyo ngumu, Bosi. Kivuli ni kivuli, atakiweka yeyote. Lakini uso huu ameuchora Sura, na ulisema mwenyewe, doa ndilo mama. Likiwekwa na mkono mgeni, uso utalikataa. Utaamka siku moja umkute mtu baki anakutazama."

Ulikuwa uongo kuanzia unyayo hadi utosi, uliosemwa kwa uso wa hakimu anayesoma hukumu. Bawabu akajikokota mpaka kwenye kioo. Alimtazama mwanamke yule asiye na doa popote.

"Kwa sasa huyu ni nani?"

"Si mama mdogo tena. Lakini mama bado hajafika."

"Na vidole vikipona?"

"Vikipona, atafika."

Tangu siku hiyo hapakuwa na mgonjwa aliyeuguzwa kama Sura. Bawabu alimtafutia daktari bingwa wa mifupa, akamleta amemshika ukosi. Alikaa kando ya kitanda akimpepea. Wauguzi waliochelewa na dawa walisindikizwa na Shingo, ambaye sikio lake lilikuwa na bandeji. Mgonjwa wa kitanda cha jirani aliyekoroma alihamishwa, kitanda na yeye.

Siku ya kufungua plasta, daktari aliukunja mkono wa Sura taratibu, kidole kwa kidole. Kidole kidogo kilikunjika. Cha pete kilikunjika. Cha shahada kilikunjika kwa shida. Cha kati kilisimama wima, kikimtazama daktari bila adabu.

"Hiki hakitakunjika tena," daktari akasema. "Kiungo kimesagika. Nasikitika."

Bawabu alimshika koo, akamnyanyua mpaka viatu vikaacha sakafu, akambamiza kwenye kabati la dawa. Vioo vikamwagika. "Kitakunjika!" akanguruma. "Utakikunja wewe!" Uso wa daktari ulianza kuwa na rangi ya wino.

"Mwache," Nukta akasema.

Hakupaza sauti. Na vile vidole vinene, vilivyovunja mtaa mzima, vikafunguka kimoja kimoja. Daktari akaanguka juu ya vioo akikohoa. Nukta alisikia kitu kikimpanda mgongoni, baridi na kitamu, akaogopa jinsi kilivyomkaa vizuri.

Kwenye ukumbi wa hospitali waliketi kwenye benchi, Sura katikati, mkono wake juu ya goti. Mtu mwenye kidole kilichokauka hawezi kuishika mashine ya sindano vile ilivyomzoea, hilo wote wawili walilijua bila kuambiana. Hakuna sura nyingine ambayo ingetoka kwenye mkono ule.

Bawabu aliinama mbele, akamtazama Nukta juu ya magoti ya Sura. Macho yake yalikuwa na machozi.

"Kwa hiyo mama yangu..."

Nukta alikuwa na sindano mkobani, na chupa ndogo ya wino. Ingemchukua muda wa kufunga kifungo cha shati.

"Madaktari wanasema mengi," akasema. "Kidole kina siku zake, Bosi. Bado kidogo."

"Bado kidogo," Bawabu akakubali, akaegemea ukuta, akaanza kusubiri.

Sura aliinua mkono wake wa kushoto, ule mzima, akajiziba mdomo kwa mkono wa shati, akaung'ata kwa nguvu. Mabega yakaanza kumtikisika. Bawabu, akidhani ni maumivu, alimpigapiga mgongoni kwa kiganja kizito na kumwambia avumilie, mwanaume ni kuvumilia. Nukta alitazama mbele, kwenye ukuta mtupu, kwa sababu hakujua, kama angegeuka kumtazama kaka yake hata kidogo, ni kipi angekikuta usoni mwake, kicheko au kilio.